Gemu Mpya, Mchezo Uleule

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zimetoka Mtwara, Lindi, Masasi na Kilwa, na kila moja kwa njia yake inauliza kuhusu gemu zinazobadilika sura bila kubadilika tabia. Tumezifupisha kidogo, lakini hoja za waandishi tumeziacha kama zilivyokuja.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, nina banda la gemu hapa Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu. Nina mashine mbili za PlayStation 4, na vijana hulipia kwa muda wanaocheza. Msimu wa korosho uliopita, fedha ilipokuwa mikononi mwa watu, nilinunua gemu tatu mpya, zote za aina ile ambayo mchezaji huzurura katika nchi kubwa anakotaka. Moja ni ya kisiwani, nyingine ni ya zama za mapanga, ya tatu ni ya jiji la siku hizi. Kijana ambaye ndiye mteja wangu mkubwa aliicheza ile ya kisiwani mpaka ikaisha. Nilipomfungulia ya mapanga alikaa nayo kama saa moja, akaweka pedi chini, akaniambia, "Kaka, hii nilishaicheza." Hakuwahi kuicheza popote, kwa maana karatasi yake niliichana mimi mwenyewe siku ileile. Sasa wote wamerudi kwenye mpira, na gemu zangu tatu zinakula vumbi. Je, watengenezaji wameishiwa, au wateja wangu ndio wagumu?
Mwenye banda, Mtwara

JIBU: Ndugu yangu mwenye banda, mteja wako alisema kweli, na ningekuwa wewe ningemsikiliza kabla ya kununua gemu ya nne. Alichokikuta kwenye mapanga ni kazi ileile aliyoifanya kisiwani, iliyovalishwa kanzu nyingine. Ukitaka kuhakikisha, kaa nyuma yake siku moja na karatasi, usahau picha, muziki na hadithi, kisha uandike tu kile ambacho mchezaji anakiamua. Nadhani utaandika hivi: panda mnara, ramani ifunguke, ramani ikifunguka itajaa alama, fuata alama uikomboe kambi, winda mnyama ili ngozi yake ikushonee mkoba mkubwa zaidi, halafu tafuta mnara unaofuata. Kupanda minara ili kuutazama mji kulikuwamo katika Assassin's Creed ya mwaka 2007, na Far Cry 3 ya mwaka 2012 ikaunganisha minara ya redio, kambi za maadui na uwindaji katika gemu moja. Kwa aliyeicheza mwaka huo, mpangilio ule ulikuwa mtamu kwelikweli, kwa sababu kila kitu kilikivuta kingine. Baada ya hapo ukanakiliwa na kunakiliwa tena, na kijana wa leo anapoishika pedi mkono wake unakuwa umeshajua njia kabla jicho halijamaliza kuitazama nchi mpya.

Kwamba watengenezaji wameishiwa akili, sikubali. Gemu kubwa ya aina hiyo hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na karibu fedha yote huwa imeshatoka kabla nakala moja haijauzwa. Wachonga vinyago wa Kimakonde wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi: gogo la mpingo ni ghali na kazi yake ni ya siku nyingi, kwa hiyo mchongaji akiona wageni wananunua mzee mwenye fimbo, atachonga wazee wenye fimbo mpaka rafu ijae, ingawa mkono wake ungeweza kutoa shetani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Simlaumu mchongaji, na kampuni za gemu nazilaumu kidogo tu.

Hata hivyo, usidhani kwamba dawa ni kuuondoa mnara. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ambayo Nintendo waliitoa mwaka 2017, nayo ina minara, na mchezaji huipanda ili kufungua ramani ya eneo. Tofauti ni kwamba ramani inayofunguka inaonyesha milima, mito na njia tu, bila orodha ya kazi. Ukiwa kule juu unatazama kwa macho yako, na ukiona moshi au jengo la ajabu unaliwekea alama wewe mwenyewe, kisha unaamua utafikaje. Kupanda kunakula nguvu, na mvua ikinyesha mwamba unateleza, kwa hiyo hata ukuta mtupu unakuuliza kama upande sasa, usubiri mvua ikatike, au uzunguke. Watu walioicheza gemu hiyo husimulia safari zisizofanana, ilhali waliocheza zile za alama husimulia ni asilimia ngapi ya ramani wameimaliza. (Haichezeki kwenye mashine zako, basi usikimbilie kuitafuta.)

Sasa tuje kwenye mpira, ambao kwako ni ushahidi kwamba wateja hawataki mapya. Kwa kanuni zake, mpira ndio mchezo usiobadilika kuliko yote uliyo nayo bandani: uwanja mmoja, wachezaji kumi na mmoja kila upande, magoli mawili. Kinachobadilika ni aliyeshika pedi ya pili. Kijana akikutana na mpinzani anayependa kupitisha mipira mirefu pembeni, itambidi arudishe mabeki wake nyuma. Kesho akikutana na anayepiga pasi fupi katikati, ulinzi wa jana utamfungisha. Mpinzani naye anajifunza, na wiki ijayo atakuja na ujanja mwingine. Kompyuta inayoongoza walinzi wa kambi kisiwani haijifunzi hivyo. Mlinzi uliyemtupia jiwe jana ukampitia nyuma, leo mtupie jiwe na utampitia tena.

Kwa hiyo usinunue gemu nyingine ya kuzurura. Tafuta ya watu wawili ambayo inadai uamuzi usiofanana na wa mpira, na kwa banda la kulipia muda mimi ningeanza na za kupigana, kama Tekken 7 au Street Fighter 6, ambazo zote mbili zipo kwa PlayStation 4. Ukoo wa hiyo ya pili una somo zuri. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 ilikuwa na wapiganaji wanane tu wa kuchagua, nayo ikawaweka watu mbele ya mashine kwa miaka, kwa sababu kila mpiganaji alikuwa swali tofauti. Zangief ni hatari akikukaribia, hivyo kazi yako yote ni kumweka mbali. Dhalsim ananyoosha mikono na miguu kutoka upande wa pili wa skrini, hivyo kazi yako ni kumfikia. Guile sharti arudi nyuma na kutulia kidogo kabla ya kurusha pigo lake, na ukimwona ametulia ujue kuna jambo. Ukiwakutanisha wanane hao wawili wawili, unapata mapambano mengi yasiyofanana bila kuongeza uwanja hata mmoja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Lindi mjini. Nimejifunza kutengeneza gemu kwa kutumia Scratch, programu ambayo ni ya bure, na nimetengeneza gemu ya mtoto anayeokota korosho shambani huku akiwakwepa ngedere. Ina hatua arobaini. Katika kila hatua ngedere wanaongezeka na mbio zao zinaongezeka. Wenzangu waliifurahia mwanzoni, lakini hakuna aliyevuka hatua ya sita, wanasema inajirudia. Nimefikiria kuongeza hatua zifike mia moja, na kubadilisha rangi ya shamba kila baada ya hatua kumi. Je, itasaidia?
Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza, kwa kuwa wengi huanza gemu na hawaimalizi. Jibu la swali lako ni kwamba haitasaidia, na huenda ikaumiza, kwa sababu hatua zako arobaini ni hatua moja iliyochezwa mara arobaini kwa mbio tofauti. Wenzako waliofika ya sita wameshaiona gemu yote.

Usijilaumu, maana hata watu wazima wenye kompyuta kubwa wameanguka hapohapo. Mwaka 2016 ilitoka No Man's Sky, gemu ya kusafiri angani yenye sayari zaidi ya 18 zikifuatiwa na sifuri kumi na nane, zote zikiundwa na kompyuta kwa kanuni za hesabu. Hakuna binadamu atakayezimaliza. Hata hivyo, wachezaji wengi wa siku za mwanzo walilalamika kwamba kila waliposhuka walifanya kazi zilezile: kuchimba madini, kujaza mkoba, kutia mafuta, kuondoka. Majani yalikuwa mekundu hapa na ya bluu kule, wanyama walikuwa na shingo ndefu hapa na fupi kule, lakini hakuna shingo iliyomlazimisha mtu kufikiri upya. Watengenezaji waliendelea kuirekebisha kwa miaka, wakaongeza ujenzi na kucheza pamoja, na ni mambo hayo ya kufanya, zaidi ya wingi wa sayari, yaliyowarudisha watu. Rangi ya shamba lako ni majani ya sayari hizo.

Sasa tazama gemu ndogo. Pac-Man ya mwaka 1980, iliyosanifiwa na Toru Iwatani katika kampuni ya Namco ya Japani, ina uwanja mmoja wa vichochoro ambao haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ina mizimwi minne, na hapo ndipo pa kusimama. Mwekundu anakufuata ulipo. Wa waridi analenga mbele yako, mahali unapoelekea, ili akuzibie njia. Wa bluu anapiga hesabu kwa kutazama ulipo wewe na alipo mwekundu, kwa hiyo ni vigumu kumtabiri. Wa rangi ya chungwa anakufuata mpaka akaribie, kisha anageuka na kukimbilia kona yake. Kila mmoja ana kanuni moja fupi, lakini wanne wakiwa pamoja, kichochoro kilichokuwa salama dakika iliyopita kinakuwa mtego, na mchezaji anaamua upya kila kona bila uwanja kubadilika. Ngedere wako wote ni wa aina moja, yule mwekundu. Ukiwapunguza wawe wanne na kumpa kila mmoja tabia yake, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko kuongeza hatua sitini.

Ngedere peke yao, hata hivyo, hawatoshi, kwa sababu mtoto wako anaokota tu, na kuokota hakuna uamuzi. Hapa una bahati ambayo mtengenezaji wa mbali hana: korosho yenyewe imejaa maamuzi, na wewe umekulia mkoa unaozilima. Korosho inadondoka ikiwa imening'inia kwenye bibo. Mtoto alitenge bibo papo hapo, jambo litakalomchukua muda huku ngedere wanakuja, au aibebe nzima kikapu kizidi uzito na miguu iwe mizito, na harufu ya mabibo iwavute ngedere? Kikapu kikiwa nusu, arudi nyumbani kuanika, au abaki shambani ajaze? Mawingu yakitanda, akimbilie kuzianua zile zilizoanikwa, ambazo zikilowa zitashuka daraja, au azitoe kafara aendelee kuokota? Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji picha mpya.

Usiyaweke yote kwa mpigo. Koichi Hayashida, aliyeongoza utengenezaji wa Super Mario 3D Land ya mwaka 2011, amewahi kueleza kwamba hatua zao hufuata mpangilio wa sehemu nne ambao asili yake ni ushairi wa Kichina: jambo jipya linaletwa mahali salama, linakuzwa, linageuzwa kwa namna isiyotarajiwa, kisha linafungwa. Kwa kuwa umesoma tarbia shuleni, mpangilio huo hautakuwa mgeni kwako. Mishororo ni minne, mizani ni nane kwa nane, na kibwagizo kinarudi kilekile kila ubeti, lakini kwa kuwa beti zimesogeza habari, kibwagizo cha ubeti wa mwisho hakisikiki kama cha ubeti wa kwanza. Hatua yako ya kwanza iwe na bibo tu, bila ngedere hata mmoja. Ya pili iwe na bibo na ngedere mmoja. Ya tatu, mvua ije peke yake. Ya nne, mvua na ngedere vikutane, na hapo ndipo mwenzako atakapopiga kelele.

Utajikuta una hatua kumi nzuri badala ya arobaini. Zikitosha, acha. Zisipotosha, kurudia si dhambi: Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina hatua 32, na katika hizo ipo ya 5-3 (yaani hatua ya tatu ya dunia ya tano) ambayo ni ile ya 1-3 iliyoongezewa risasi zinazoruka, na ya 7-2 ambayo ni ile ya 2-2 iliyofanywa ngumu zaidi. Gemu nzima ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 40 tu, hata mawingu na vichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Unaona kwamba nao walibadilisha rangi. Ila mruko wa Mario tayari ulikuwa unafanya kazi nyingi: unaua adui, unavunja tofali, unatoa sarafu, unavusha shimo, kwa hiyo mahali palepale pakiongezwa risasi, mchezaji analazimika kuuliza upya aruke lini. Ukifika hapo, paka shamba lako rangi upendavyo.

SWALI: Mjomba yuko ughaibuni, na kila mwaka ananiletea gemu mpya ya mpira. Mimi naona ni ileile. Nimwambie aache?
Msomaji, Masasi

JIBU: Kwa miaka mingi uko sahihi. Mfululizo wa FIFA ulianza mwaka 1993 na kuendelea mpaka FIFA 23. Septemba 2023 ukaja kwa jina la EA Sports FC 24, na aliyeizoea ya nyuma hakuhitaji kufundishwa upya. Kinachobadilika mara nyingi ni orodha za wachezaji, jezi na mbio za mpira. Mara mojamoja, hata hivyo, huguswa kitu cha ndani. FIFA 12 ilileta ulinzi wa namna mpya: zamani ulishikilia kitufe na beki akakimbilia mpira mwenyewe, lakini sasa ikakubidi umweke beki umbali unaofaa na uchague mwenyewe wakati wa kuingia. Waliokuwa mabingwa wa mtaa walifungwa wiki nzima, na wengine wakasusa. Mwambie mjomba alete kila baada ya miaka mitatu au minne, na katikati akuletee kitu kingine. Usimwambie aache kabisa.

SWALI: Kijana, mimi ni mzee wa Kilwa Masoko, mcheza bao wa miaka mingi. Mjukuu wangu anasema bao halibadiliki, mashimo ni yaleyale tangu babu wa babu yake, ilhali gemu ya simu yake ya kupanga peremende ina maelfu ya hatua na kila wiki zinaongezwa. Nimekosa la kumjibu.
Mzee wa bao, Kilwa

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Mjukuu anahesabu vizuri, ila anahesabu kitu kingine. Gemu anayoisema bila shaka ni Candy Crush Saga ya mwaka 2012 au mojawapo ya ndugu zake, na ni kweli hatua zake ni maelfu. Katika kila moja anatafuta peremende tatu za kufanana na kuzisogeza zikae mstari mmoja. Umbo la uwanja hubadilika, vizuizi hubadilika, na baadhi ya hatua zina werevu ambao sitaudharau. Lakini mwombe akusimulie hatua aliyoicheza Jumatatu iliyopita, ilikuwaje na alifikiri nini. Kisha msimulie wewe bao ulilofungwa mwaka juzi. Naamini unalikumbuka mpaka kete ya mwisho.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, nayo hayajaongezwa kwa kuwa hayajapungukiwa. Mnapoanza namua, ile awamu ya kutia kete mojamoja ubaoni, kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi, swali ni wapi pa kutia hiyo moja na ni lini uivunje nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Kete za mkononi zikiisha na mtaji, awamu ya pili, ukaanza, ubao ni uleule lakini mchezo umegeuka, na aliyelinda nyumba yake kupita kiasi anaweza kukuta haina tena faida. Kila kete inayotiwa inahamisha hesabu za mashimo yote yanayofuata, na mpinzani anakusoma huku unamsoma. Hakuna mtu wa kukaa ofisini kuwatungia hatua mpya, kwa kuwa mnatungiana wenyewe.

Usibishane naye kwa maneno, mzee wangu. Mpangie kwanza bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, bila namua wala nyumba, na umwachie achague kuanza. Likimwelea, mhamishie kwenye bao la kiswahili lenyewe, na jioni hiyo usimwonee huruma.